Chungu Kisicholala

Miaka kumi na mmoja kilichemka,
alfajiri kabla ya chai, na magharibi mbu wakiingia zamu,
chungu cha Mama, pale New Amsterdam,
juu ya jiko la gesi lenye jicho moja zima.
Nyama ikipungua aliongeza nyama:
shingo ya nguruwe, kwato za ng'ombe,
mkia uliokatwa pingili pingili.
Mchuzi ulikuwa uleule.
"Huu," alisema, "umedumu kuliko mume wangu wa pili."

Weusi wake ulitoka kwenye muhogo mchungu.
Bibi mmoja wa Orealla huuleta kwa mashua,
umo katika chupa zilizokuwa za ramu:
muhogo umekunwa, umekamuliwa,
na maji yake, ambayo mabichi yangeua mbwa,
yamechemshwa hata sumu ikakata tamaa
ikatoka na mvuke. Ikabaki lami tamu
isiyoruhusu nyama kuoza.
Chungu, mchungu, uchungu:
mdomo huyatamka kwa pumzi moja,
ulimi ndio ujuao lipi limeuunguza.

Sheria zilikuwa tatu, na alizisema mwiko mkononi.
Kijiko kilicholambwa kisirudi.
Kitunguu kisiingie, kitachachusha.
Ya tatu hakuisema. Aliitenda tu,
mara mbili kwa siku.

Alikufa Jumanne.
Wakaja watu wa kanisa na viti vyao na tenzi zao.
Nikahangaika na seremala, na mchungaji,
na binamu wa Linden aliyelia kwa sauti
ili nisimkumbushe deni.
Ijumaa usiku nikafunua kifuniko.
Harufu ilinijibu kabla sijauliza.

Nilikimwaga nyuma ya banda la kuku,
tochi mdomoni,
mwizi nyumbani kwake mwenyewe.
Nikasugua kwa majivu na ndimu
hadi kucha zikawaka.

Kulipokucha nilikuwa sokoni wa kwanza.
Chupa moja ya bibi wa Orealla. Kwato. Nyama ya kifua.
Mdalasini wa vijiti, karafuu, sukari ya Demerara,
na wiriwiri, pilipili zile ndogo za mviringo,
nyekundu kama shanga za kiunoni.
Huingia nzima, maana ikipasuka moja
nyumba nzima hukohoa.
Zilipasuka mbili.
Nilikohoa peke yangu, nikashukuru,
kwa kuwa tangu Jumanne macho yalikuwa makavu.

Jumapili akafika Waveney kutoka Toronto,
na kopo tupu la aiskrimu ndani ya sweta.
"Nigawie nusu," akasema kabla ya kuvua viatu.
"Nitakiamsha kule kila siku,
hata theluji ikinifikia dirishani."

Nikampakulia. Akamega mkate wa kusuka,
akachovya, akatafuna upande wa jino zuri.
Kijasho juu ya mdomo.
Kwa mbali redio ya jirani ilisoma vifo vya wilaya,
la Mama likiwa la nne, jina la kati limekosewa.

"Mama hakutia ganda la chungwa."

"Alianza mwaka juzi," nikasema.

Akanitazama vile Mama alivyomtazama muuza samaki
mwenye kidole juu ya mizani.
Akachovya tena. Akafikicha mfupa hadi ukawa mweupe.

"Kina siku ngapi?"

Jokofu likanguruma, likanyamaza.
Nilifikiri kusema kumi na mmoja,
nikifika kwenye miaka nimeze mate.

"Moja," nikasema. "Na nusu."

Hakunijibu. Aliosha bakuli, akalifuta,
akalirudisha kabatini mahali pasipo pake,
akapanda chumbani kwa Mama, akafunga mlango.
Nikakaa ngazini na kopo lake mapajani,
nikiona aibu hata ya kuku.

Giza lilipoanza kushuka sikuwa nimeinuka.
Ndipo nikasikia, jikoni, nyuma yangu,
kiberiti kikikwaruzwa mara moja,
mara ya pili,
na jicho lile moja likawaka.